Jumapili Jioni: Nyumba Inaporudi Kwenye Mwendo Wake

Familia inayotoka Dar es Salaam Ijumaa jioni kwenda Morogoro, Tanga au Bagamoyo hurudi Jumapili ikiwa na uchovu wa njia mwilini na asubuhi ya Jumatatu mbele yake. Gari likiingia uani saa 11 jioni, zimebaki saa 12 tu kabla ya mtoto wa shule kuamshwa. Ndani ya saa hizo watu wanatakiwa kushusha mizigo, kuoga, kula, kutayarisha sare na madaftari, kisha walale usingizi wa kutosha. Hapo ndipo inapojulikana kama mapumziko yalikuwa mapumziko kweli, au yalikuwa mkopo utakaolipwa wiki nzima. Kurudi ni sehemu ya safari. Hupangwa kama kwenda kunavyopangwa, na kazi yake ni ya nyumba nzima. Si haki kumwachia mama peke yake, wala dada wa kazi.

Hesabu ya kurudi hupigwa kuanzia mwisho. Magari mengi ya shule jijini hupita kuchukua watoto kabla ya saa 12 asubuhi. Mtoto wa darasa la tatu anayetakiwa kusimama getini saa 11 na nusu alfajiri lazima aamke saa 11. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, unasema watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10, na wadogo wa miaka 3 hadi 5 walale saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana. Kwa mtoto huyo wa darasa la tatu, hata zile saa 9 za chini kabisa zinamtaka awe kitandani saa 2 usiku. Kabla ya hapo ana kuoga, kula na kupanga begi lake, na nyumba nayo ina shughuli zake. Saa tatu si nyingi. Ndiyo maana saa 11 jioni ni saa ya mwisho ya kufika, na saa ya kuondoka ugenini hupatikana kwa kuondoa hapo urefu wa njia.

Njia nayo ina tabia zake. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 200, umbali ambao kwenye ramani hautishi. Lakini Chalinze ndipo barabara ya Morogoro inapokutana na ile inayotoka Tanga, Moshi na Arusha, na kuanzia hapo kupitia Mlandizi na Kibaha magari ya mikoa mingi, pamoja na malori, hugawana njia moja. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na kibao hicho kinalinda watoto wa watu wanaoishi kando ya barabara. Anayetoka Tanga au Kilimanjaro anaweza kukwepa Chalinze kwa kukata Msata na kuingia Dar es Salaam kupitia Bagamoyo. Anayetoka Morogoro kwa gari lake na kutaka kufika saa 11 afadhali awe barabarani saa 6 mchana. Dereva anayejua ana muda wa kutosha hashawishiki kuyapita malori kwenye kona.

Usafiri wa umma umebadilika sana katika miaka ya karibuni, na mabadiliko hayo yamegusa moja kwa moja jioni ya Jumapili. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Safari ya Morogoro sasa huchukua chini ya saa mbili, na kubwa zaidi ni kwamba saa ya kufika inajulikana tangu tiketi inapokatwa. Mabasi ya mikoani nayo huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Familia inayokaa Mbagala au Kigamboni ikishuka Mbezi bado ina safari ya pili ya kuvuka jiji na mabegi, na safari hiyo lazima iingie kwenye hesabu. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wapo wanaoona ni faida kukaa ugenini hadi Jumapili usiku na kuingia mjini alfajiri. Kwa mtu mzima asiye na mtoto huenda ikawezekana. Mtoto aliyelala kiti cha basi usiku kucha akapelekwa darasani moja kwa moja hupoteza siku nzima ya masomo, na jioni yake huwa ya kulia.

Kuaga kunahitaji adabu yake, kwani ucheleweshaji mwingi huanzia mlangoni mwa wenyeji. Babu na bibi hawaagwi kwa haraka. Mwenyeji naye hawezi kuruhusu wageni waondoke bila kula, na mara nyingi kuku huchinjwa mchana wakati mabegi yameshafungwa. Dawa yake ni kutaja saa ya kuondoka mapema, tangu Jumamosi, ili chakula cha mwisho kiwe cha asubuhi na maongezi ya kifamilia yenye uzito yamalizwe usiku wa kuamkia Jumapili. Wazee wakishajua saa, wao wenyewe huwa wa kwanza kuwahimiza wajukuu wavae viatu.

Yapo pia ya Ijumaa, maana nyumba inayorudiwa Jumapili ni ile iliyoachwa Ijumaa. Vyombo vikioshwa, taka zikitolewa, ndoo zikifunikwa, na sare za Jumatatu zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, nusu ya kazi ya kurudi imeshafanyika. Umeme wa LUKU uangaliwe kabla ya kufunga mlango. Uniti zikiisha Jumamosi usiku, friji huzimika bila mtu kujua, na familia hurudi kwenye giza na harufu. Namba za tokeni, tarakimu 20, zinaweza kununuliwa kwa simu ukiwa popote, lakini kwenye mita nyingi lazima awepo mtu wa kuziingiza.

Kabla ya kufika, simu ipigwe kwa aliyebaki: mlinzi, jirani, au ndugu anayelala nyumbani. Kwa Waislamu adabu hii ni ya tangu zamani. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba Mtume hakupenda mtu aliyekaa safarini muda mrefu awafikie watu wake usiku kwa ghafla. Aliyebaki naye ana haki ya kujiandaa, kuchemsha maji, kuondoa kufuli la ndani. Kwa msafiri Mwislamu, kuingia mji wake kuna alama nyingine pia: ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili inakoma, na sala inarudi kuwa kamili. Ibada yenyewe inamjulisha kwamba safari imekwisha na wajibu wa kawaida umerejea.

Mlango ukifunguliwa, watoto wasubiri barazani dakika chache, mtu mzima mmoja aingie kwanza. Cha kwanza ni gesi. Gesi ya mitungi haina harufu yake ya asili; harufu kali inayosikika imeongezwa makusudi ili uvujaji utambulike. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini, sakafuni na kwenye makabati ya jikoni. Ikisikika harufu, swichi ya taa isiguswe, kiberiti kisiwashwe. Madirisha na milango ifunguliwe, valvu ya mtungi ifungwe, watu wakae nje hadi hewa isafike. Kama hakuna harufu, madirisha yafunguliwe vilevile, kwani nyumba iliyofungwa siku mbili katika joto la Dar es Salaam inahitaji hewa mpya. Baada ya gesi yafuate makufuli na madirisha ya nyuma, kisha bomba: maji yaliyolala kwenye mabomba yaachwe yatiririke kidogo, yakingwe kwa ndoo ya kudekia.

Maji yaliyohifadhiwa yanastahili jicho la pekee. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia: ndoo isiyo na mfuniko, pipa, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi bovu uani. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10. Familia iliyoondoka siku mbili inaporudi inakuta yale yaliyotagwa kabla na wakati wa safari yakiwa bado majini, na hapo ndipo kazi ni rahisi: maji yamwagwe kwenye udongo mkavu, chombo kisuguliwe pembeni kwa brashi kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu huyu huuma zaidi mchana, wakati hakuna anayekaa ndani ya chandarua. Kazi hii mtoto wa miaka kumi anaiweza akielekezwa mara moja.

Friji nayo haifunguliwi kabla ya kuuliza kama umeme ulikatika. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi baada ya umeme kukatika. Friza iliyojaa hutunza kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Ipo njia nyepesi ya kujua kilichotokea wakati nyumba ilikuwa tupu. Kabla ya safari, kikombe cha maji kigandishwe kwenye friza na sarafu iwekwe juu ya barafu. Sarafu ikikutwa juu, baridi haikupotea. Ikikutwa chini ya kikombe, barafu iliyeyuka yote na kuganda upya, kwa hiyo nyama na samaki waliomo hawafai hata wakionekana wazima.

Baada ya hapo ndipo mizigo ishuke, nayo huwa imezaana. Hakuna anayetoka kwao mikono mitupu. Kutoka Muheza yanakuja machungwa, kutoka Lushoto kabichi na karoti, kutoka Kiwangwa mananasi, kutoka Matombo ndizi na viungo. Kuna kiroba cha mihogo, fungu la matembele, karanga kwenye mfuko, na pengine jogoo aliyefungwa miguu. Zawadi hizi ni jasho la wazee, na kuziacha zioze jikoni ni kukosa shukrani. Kila kimoja kina saa yake.

Mboga za majani ndizo za kwanza kuharibika. Zichambuliwe na zipikwe jioni hiyohiyo au kesho yake. Mihogo hufuata, kwani kwa siku mbili au tatu tu tangu kung'olewa huanza kuwa na michirizi ya bluu ndani na ladha mbaya. Isipoliwa upesi, imenywe, ikatwe na kuwekwa kwenye friza. Machungwa na mananasi hayaongezi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo kuyangoja hakuna faida. Embe, papai, parachichi na ndizi mbichi huendelea kuiva nyumbani, na ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha jirani zake. Anayetaka parachichi liwe tayari mapema aliweke pamoja na ndizi mbivu. Anayetaka vitu vidumu wiki nzima avitenge.

Karanga na mahindi vinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Unyevu huleta kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Karanga zilizosafiri kwenye mfuko wa plastiki zimwagwe kwenye ungo, zichaguliwe, zile zilizosinyaa, zilizopasuka au zilizobadilika rangi zitupwe, na zilizobaki zianikwe hadi zikauke vizuri. Chakula kilichopikwa kilichofungwa na mwenyeji, pilau kwa mfano, kiliwe kikiwa bado cha moto njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na wali una hatari yake ya pekee, kwani mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus huvumilia kupikwa, na mojawapo ya sumu zake haiondoki hata kiporo kikichemshwa tena.

Jogoo afunguliwe miguu, apewe maji na kivuli. Kama nyumba ina kuku wengine, asichanganywe nao kwa wiki mbili hivi. Mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, huweza kujificha mwilini kwa siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana, na kuku mmoja kutoka kijijini anatosha kuuingiza.

Sehemu ya zawadi hutoka nje ya nyumba siku hiyohiyo. Jirani aliyeangalia geti, aliyemwagilia maua au aliyepokea ujumbe apelekewe mananasi na pole ya kuachiwa kazi, na yeye ndiye atakayetoa habari za mtaa: nani amelazwa, wapi kuna msiba, umeme ulikatika saa ngapi. Kwa familia za Kikatoliki, Jumamosi iliyopita inaweza kuwa siku ya jumuiya ndogondogo, na mchango uliopangwa huko unapaswa kujulikana mapema. Simu nyingine ni ya wenyeji. Wazee hawalali hadi wasikie wageni wamefika salama. Dakika mbili za simu, na mtoto akipewa naye aseme shikamoo na ahsante, ni sehemu ya safari kama nauli ilivyo.

Mabegi yasiwekwe juu ya vitanda. Kunguni wa nyumba za wageni hujificha kwenye mishono na zipu, na mayai yao huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo begi lililosahauliwa uvunguni huleta taabu baada ya wiki. Nguo zitolewe uani au bafuni, begi likung'utwe na mishono iangaliwe kwa tochi. Nguo mbichi, za kuogelea au zilizonyeshewa, zifuliwe usiku huo au angalau zianikwe, maana zikilala begini hadi Jumanne huota ukungu. Nguo nyingine zigawanywe mafungu mawili: zinazohitajika Jumatatu na zinazoweza kusubiri. Nyumba nyingi huchoka bure kwa kufua kila kitu Jumapili usiku. Nguo zilizoanikwa nje chini au kivulini huko safarini zipigwe pasi ya moto, pamoja na za mtoto mchanga, kwa sababu yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na lava wake huingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Chakula cha usiku huo kiwe chepesi na cha kuzoeleka. Uji, ugali na matembele yaleyale yaliyoletwa, au mkate na mayai, vinatosha. Watu waliokula vizuri siku mbili hawahitaji karamu nyingine. Kinachohitajika ni mlo wa pamoja, kwenye mkeka au mezani, kwa saa ileile ya siku zote. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake nchini Marekani walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 50 kuhusu ratiba na desturi za familia, wakaonyesha kuwa zinahusiana na wazazi kujiamini katika malezi, watoto kutulia na wanandoa kuridhika. Mtoto mdogo hajui Jumapili wala Jumatatu. Anajua kwamba baada ya kuoga kuna chakula, baada ya chakula kuna hadithi, na baada ya hadithi taa huzimwa. Mpangilio huo ukirudi, anajua amefika kwao.

Kuhusu usingizi, mwili wenyewe una sababu ya kugoma. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu, ikiachwa bila mwanga wa jua wa kuirekebisha, hukimbia kidogo zaidi ya saa 24. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni kwepesi, na kuwahi ni kugumu. Watoto walioachwa wacheze hadi saa 5 usiku kwa binamu zao siku mbili wameisogeza saa hiyo mbele. Mwaka 2006 watafiti wa Munich, akiwemo Till Roenneberg, waliipima hali ya watu ambao saa zao za kulala siku za kazi ni tofauti na za siku za mapumziko, wakaifananisha na uchovu wa anayevuka kanda za saa kwa ndege. Dawa yake ni mwanga na mpangilio. Jumapili jioni taa zipunguzwe na simu na televisheni vizimwe mapema. Jumatatu asubuhi pazia lifunguliwe mara jua linapotoka. Kwa wadogo, utafiti wa Jodi Mindell na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha akina mama 405 na watoto wao, ulionyesha kwamba utaratibu mmoja wa kila usiku, kuoga, kupakwa mafuta kwa kukandwa taratibu na kisha shughuli tulivu, uliboresha usingizi wa watoto, na hali ya moyo ya mama zao nayo ikawa bora.

Kabla taa hazijazimwa, kila mtoto wa shule apange begi lake: madaftari kwa ratiba ya Jumatatu, kazi ya shule iliyofanywa au kumaliziwa, chupa ya maji, nauli. Kazi ya shule ifanywe Ijumaa jioni kabla ya kuondoka au Jumamosi asubuhi kwa bibi, kwani mtoto anayesinzia juu ya hesabu saa 3 usiku hajifunzi hesabu wala halali.

Jumatatu asubuhi isipewe mzigo wa ziada. Kifungua kinywa kiwe kilichoandaliwa usiku, mihogo ya kuchemsha ipashwe, chai iwe kwenye chupa. Wazazi wanaofanya kazi wasijipangie kikao kizito saa ya kwanza wakiweza, na wasitarajie kwamba utulivu wa safari utadumu wenyewe. Tafiti za Jessica de Bloom na wenzake kuhusu likizo zimeonyesha kuwa nafuu ya likizo hupungua upesi baada ya mtu kurudi kazini. Anayetaka nafuu idumu anapaswa kuweka ndani ya wiki ya kazi kitu kimoja kati ya vile vilivyompumzisha: kutembea jioni na watoto, kula bila simu mezani, kulala mapema.

Afya iangaliwe kwa wiki kadhaa. Ramani ya malaria Tanzania haiko sawa: Dar es Salaam ina maambukizi kidogo kuliko mikoa kama Kigoma, Geita, Tabora, Lindi na Mtwara, na Zanzibar imeyapunguza mno, kiasi kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wake huhusishwa na safari za bara. Vimelea vya malaria kali huchukua kwa kawaida kati ya wiki moja na mbili tangu kuumwa hadi homa. Kwa hiyo homa inayompata mtoto Jumatatu hiyohiyo huwa haikutokana na mbu wa Jumamosi, na chanzo kingine kitafutwe. Homa inayokuja wiki moja, mbili au tatu baadaye inalazimu kupimwa malaria siku hiyohiyo, na mhudumu wa afya aambiwe familia ilikwenda wapi na lini. Dawa za malaria zisimezwe bila kipimo.

Kazi zote hizi zikiorodheshwa zinaonekana nyingi, na zinakuwa ukatili zikimwangukia mtu mmoja. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Baba hushusha mabegi akakaa mbele ya taarifa ya habari, watoto hukimbilia simu, na mama aliyepika ugenini siku mbili huanza kupika nyumbani. Dada wa kazi aliyesafiri na familia kubeba mtoto hakupumzika; aliyebaki kulinda nyumba naye hakupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na wikiendi ya mwajiri haihesabiki kuwa mapumziko ya mwajiriwa. Siku yake ya kupumzika baada ya safari itajwe kabla ya safari.

Mgawanyo wa haki ni mwepesi kuupanga. Dereva akae chini kwanza, ameshika usukani saa nyingi. Mtu mzima mwingine aangalie gesi, umeme na friji. Baba, kama hakuendesha, apike au aogeshe watoto. Hakuna mila inayovunjika kwa baba kukoroga uji. Watoto wa shule ya msingi wamwage maji yaliyotuama, wachambue mboga, wapeleke zawadi kwa jirani. Vijana wa sekondari wafue zao na wapige pasi zao. Kwa mgawanyo huo saa tatu zinatosha, na hakuna anayelala na kinyongo.

Hubaki hesabu ya fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ya wikiendi hupitisha fedha nyingi kwa mikono mingi: mafuta au nauli, chakula cha njiani, kilichoachwa kwa wazee, kilichokopwa kwa shemeji. Kufikia Jumatano, wakati usingizi umeshatengemaa na nguo za fungu la pili zimekauka, wanandoa waandike matumizi, walipe walichokopa, na wakubaliane safari inayofuata itakuwa lini na itaanza kuwekewa akiba kiasi gani kila mwezi. Wakubaliane pia nani atafanya nini siku ya kurudi, na wawaambie watoto, ili safari hiyo isimwangukie mtu mmoja tena.